Yudith Alivyomtaja Mwanawe Kanisani

Neno lile Yudith alilisikia mtoni, Alhamisi asubuhi, na halikumtoka tena. Alijitwisha mtungi nalo. Alipika mlenda nalo. Alilala nalo, akaamka nalo.

Ilikuwa kiangazi, enzi za Wadachi, mwaka ambao reli ilikuwa imekwisha kupita Gulwe na kuelekea Tabora. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba visima kwenye mchanga, wakachuchumaa, wakangoja maji yajikusanye kidogo kidogo ndipo wayateke kwa kata. Kungoja huko kulikuwa kurefu, na watu wanaongoja pamoja hawakai kimya.

"Mama Ruthu," alisema Tereza, mwanamke waliyesali naye kanisa moja, "mimi sisemi kitu. Unanijua, mimi si mtu wa maneno."

"Sema tu."

"Basi nitasema, maana wewe ni mwenzangu katika Bwana. Ruthu wako ameonekana kwa mganga. Juzi. Amepakwa udongo mwekundu hapa, na hapa." Tereza akajigusa paji la uso, kisha mabega. "Na ile shuka yake nyeupe imekuwa nyekundu kama njia ya ng'ombe."

Yudith aliinamia kisima. Aliteka maji, nusu yakamwagika.

Siku zile, katika Ugogo, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ulikuwa pambo la watu tangu zamani. Waliobatizwa waliacha kujipaka. Walivaa shuka nyeupe, wakajulikana kwa weupe huo. Kwa hiyo doa jekundu kwenye shuka ya Mkristo lilikuwa kama barua. Hata asiyejua kusoma aliisoma.

Yudith alikuwa mjane, mmoja wa wanawake wa kwanza kubatizwa pale Gulwe. Jumapili alikaa mstari wa mbele. Jumatano aliwafundisha wanawake sala. Ruthu alikuwa mtoto wake wa pekee aliye hai. Mumewe Ruthu, Methusela, alikuwa kazini relini, mbali, ng'ambo ya Dodoma. Ruthu alikaa na mtoto wake wa miezi sita, Msafiri, katika tembe lililotenganishwa na la mama yake na zizi tu.

"Watasemaje?" Yudith alijiuliza usiku kucha. "Mimi ninayewafundisha wengine, nyumbani kwangu kukoje?"

Ijumaa asubuhi Ruthu alikuja. Alikuwa amembeba Msafiri mgongoni, amemfunika mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama."

Yudith hakuitikia. Macho yake yalikwisha tua begani kwa mwanawe. Doa lilikuwapo, jekundu, kubwa kama kiganja.

"Huo udongo umeutoa wapi?"

"Mama, nimekuja nikwambie..."

"Nimekuuliza udongo. Nani amekupaka?"

"Mama, Msafiri ana..."

"Usinitajie Msafiri! Mtoto atakuwa mtu gani kwa mama wa namna hii? Baba yake anavunjika mgongo relini, wewe huku unarudi kulekule tulikotoka! Unataka nizikwe kwa aibu?"

Ruthu alifungua mdomo, akaufunga. Akavuta nguo vizuri juu ya kichwa cha mtoto. Akageuka, akaenda zake.

"Kanyamaza," Yudith akajisemea. "Angekuwa hana kosa angejitetea."

Pale kanisani kulikuwa na desturi moja. Haikuwekwa na mtu. Ilijiingiza kidogo kidogo, kama majani yanavyoota uani. Sala zikiisha, Mwalimu Yoramu aliuliza, "Nani ana neno la kanisa?" Hapo aliyesikia kosa la mwenzake alisimama na kumtaja kwa jina. Aliyetajwa alitoka, akakaa nje karibu na mlango, Jumapili hadi Jumapili, mpaka asamehewe. Wengine walikaa nje. Wengine waliona haya wakaenda zao moja kwa moja.

Jumamosi nzima Yudith alikuwa na wazo moja: Tereza atasimama. Tereza atamtaja Ruthu, na watu wote watanigeukia mimi. Heri niseme mimi kabla hawajasema wao.

Basi Jumapili, Mwalimu Yoramu alipouliza, Yudith alisimama wa kwanza.

"Mimi nina neno," alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Mwanangu Ruthu amekwenda kwa mganga. Amepakwa udongo. Mimi mama yake namtaja, wala simfichi, ili mjue kwamba nyumba yangu haina ubia na giza."

Watu waliguna. Ruthu alikuwa nyuma, karibu na ukuta, mtoto kifuani, amefunikwa. Alinyanyuka taratibu. Hakukaa pale nje mlangoni. Alipita, akaendelea.

Baada ya ibada watu walimshika Yudith mkono. "Mama shujaa," walimwambia. "Si kila mama angeweza." Naye Tereza akasema, "Umenishinda, dada. Umenishinda kabisa." Yudith alirudi nyumbani ameinua kichwa, lakini uji aliuacha chunguni.

Jumatatu mlango wa Ruthu ulikuwa umefungwa na kuegemezwa jiwe. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi.

"Akichoka atarudi," Yudith akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jioni, kabla jua halijatua, Mwajabu alibisha, akasalimu kwa Kigogo. Mwajabu na mumewe Athuman walikuwa Waislamu, watu wa Kondoa, wauzaji wa tumbaku, majirani wa Yudith tangu kabla ya reli.

"Mbukwa, jirani."

"Mbukwa, Mwajabu. Karibu."

"Nasikia jana kwenu kulikuwa na sherehe."

"Sherehe gani?"

"Watu wanakupongeza kama mtu aliyeua simba. Nikasema na mimi nikamwone huyo simba. Kumbe ni Ruthu."

Yudith alikunja uso. "Mwajabu, hayo ni mambo ya dini yetu."

"Kweli, na mimi sisali kwenu. Tena nilitaka kuuliza, huyo Tereza aliyemwona mwenzake kwa mganga, yeye alikwenda huko kutafuta nini? Kuni? Lakini hilo niachie mimi. Nimekuja na swali moja la ujirani. Macho ya Msafiri umeyaona?"

"Macho gani?"

Mwajabu alimsogelea. Mzaha ulimtoka usoni.

"Wewe bibi yake ndiye unaniuliza macho gani? Mtoto amevimba macho, yanatoka usaha, kope zimegandana. Tangu Jumatano hafungui. Ijumaa asubuhi Ruthu alipita kwangu. Akaniambia, 'Nakwenda kwa mama, anisindikize misheni kwenye dawa. Peke yangu naogopa.' Nikamwambia nenda, mwanangu. Akarudi analia. Nikamwuliza, mama amesemaje? Akajibu, 'Mama ameuliza udongo.'"

Yudith alikaa chini palepale, kwenye kizingiti.

Aliiona Ijumaa yote upya. Mtoto alikuwa mgongoni, mbali naye kama urefu wa mkono. Doa aliliona tangu mlangoni. Macho ya mjukuu wake hakuyaona.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa shida.

"Ameondoka leo alfajiri, kwenda Mlali kwa shangazi yake. Huko yupo mganga anayetia watoto utomvu wa mti machoni. Na mtoto wa Hasani ulimwona, yule aliyetiwa utomvu mwaka jana. Leo anaongozwa kwa fimbo."

Yudith akasimama. "Nakwenda Mlali."

"Vizuri. Ukifika utamwambia nini?"

"Nitamwambia arudi!"

"Kwa mdomo huohuo?" Mwajabu akauliza. Kisha akamshika bega. "Kapitie kwanza misheni. Kamwone yule wa dawa. Na unga wa njiani nitakupa mimi, nakuona hata moto hujawasha."

Jogoo wa kwanza alipowika Yudith alikuwa njiani. Misheni ilikuwa katikati ya Gulwe na Mlali. Alifika adhuhuri, vumbi magotini. Nje ya nyumba ya dawa watu walikuwa wamepanga mstari, wengi wao wagonjwa wa macho, maana kiangazi nzi wa ng'ombe hawana adabu. Mhudumu, Bartolomayo, Mgogo mwenzao mwenye mvi chache, alikuwa akimwosha jicho mwanamke mzee. Yudith alimweleza yote. Hakujipendelea hata kidogo.

"Nipe dawa nimpelekee," akamaliza.

"Dawa ya matone sikupi, mama," alisema Bartolomayo. "Lazima nimwone mtoto. Ukitia dawa bila kujua jicho limefikia wapi, unaweza kuharibu. Mlete."

"Na kama Ruthu hataki kuja?"

"Hapo sasa dawa ni mdomo wako."

Yudith aliinamisha kichwa. "Mdomo wangu ndio uliomfukuza. Lakini niambie, ndugu yangu. Kwa mganga si alikwenda? Nilisema uongo? Au siku hizi tuuite uovu wema?"

Bartolomayo alimwonyesha bakuli lililokuwa mkononi mwake.

"Maji haya yalichemka asubuhi. Ni safi. Ningemwagia bibi huyu yakiwa yanatoka moshi, yangekuwa safi vilevile, sivyo? Lakini jicho lingefumba, tena lingeungua. Kwa hiyo nangoja yapoe. Ukweli wako ulikuwa safi, mama. Ulimmwagia ukiwa wa moto."

"Kwa hiyo nisimwambie kosa lake?"

"Utamwambia. Utamwambia ukiwa umekaa, si umesimama. Utamwambia yeye, si watu. Na kwanza utamsikiliza. Unajua habari za yule mwanamke aliyefumaniwa akizini, akaletwa mbele ya Bwana, watu wameshika mawe. Bwana hakusema kwamba amefanya vema. Lakini aliwaondoa kwanza wenye mawe, ndipo akazungumza naye."

Yudith alikuwa akiifundisha habari hiyo kila mwaka. Hakuwahi kujiuliza yeye amesimama upande gani.

"Haya, tujaribu," akasema Bartolomayo. Akajifunika shuka kichwani kama mwanamke. Wagonjwa wakaanza kucheka. "Mimi ndiye Ruthu. Umenikuta mlangoni kwa shangazi. Sema."

Yudith aliona haya, lakini alikuwa amekusudia. Akakohoa. "Ruthu, mwanangu, ingawa umetenda dhambi..."

"Ruthu ameingia ndani. Amefunga mlango. Sema tena."

"Ruthu, mimi nimekusamehe."

"Nani alikuomba? Wewe ndiye umenifuata mpaka huku. Tena."

"Ruthu, watu wote wanasema..."

"Watu wote wamejaa nje ya mlango wangu, mama! Nitafunguaje?"

Yule mwanamke mzee, jicho moja limefunikwa kitambaa, akadakia, "Mwambie umechoka na jua, unaomba maji ya kunywa! Huo ndio ukweli, nakuona midomo imekupasuka."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Bartolomayo naye alicheka, akavua shuka kichwani.

"Bibi ametushinda. Anayeomba maji hakuja kuhukumu mtu. Anza hapo, mama. Kisha useme kosa lako kabla ya lake. Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakushinda, kwa hiyo kushike sana."

Akamwonyesha namna ya kuosha macho ya mtoto. Maji yachemke, yapoe. Mikono ioshwe. Kitambaa safi, kila jicho na chake. Panguza kutoka puani kwenda nje, wala usirudie na upande uliokwisha chafuka. Nzi wafukuzwe. Yudith alifunga vitambaa alivyopewa kwenye pindo la shuka yake, akalala misheni, akaondoka tena kabla ya jua.

Njia nzima alijisemea yale maneno. Mara mbili alijikuta ameanza na "ingawa," akasimama njiani na kuanza upya.

Alifika Mlali Jumatano mchana. Shangazi yake Ruthu, dada wa marehemu mume wa Yudith, alikuwa uani anasaga uwele. Alikuwa amejipaka udongo mwekundu kama siku zote, mpaka nywele. Alipomwona Yudith aliacha jiwe.

"Haa! Wifi wa kanisani! Umekuja kumtaja nani leo? Mimi jina langu unalijua, usihangaike kuuliza."

Maneno mengi yalimjaa Yudith kinywani. Akayameza.

"Mbukwa, wifi," alisema. "Naomba maji. Jua limenimaliza."

Shangazi alimtazama. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikwenda ndani, akarudi na kibuyu. Yudith akanywa mpaka mwisho, akakaa chini, mavumbini.

"Ahsante, wifi. Mtoto hajambo?"

"Halali, halii, anaguna tu. Mganga anakuja jua likipungua."

Jua lilikuwa bado juu kidogo. Yudith alitaka kuruka ndani, amnyakue mtoto akimbie. Alibaki amekaa.

Ruthu alikuwa amesikia sauti. Alitokeza mlangoni, Msafiri mkononi. Sasa Yudith aliyaona yale macho. Kope zilikuwa zimevimba na kung'aa, usaha wa manjano umegandia pembeni, nzi watatu juu yake. Shingoni mtoto alikuwa na kipande cha ngozi kilichofungwa kwa kamba, hirizi ya mganga. Mkono wa Yudith ulijivuta wenyewe kwenda kuikata. Akaushika kwa mkono mwingine.

"Ruthu," alisema, "Ijumaa ulikuja kuniambia jambo. Sikukuacha useme. Nimekuja nilisikie."

"Wewe huna la kusema kwanza, mama? Maana wewe husema kwanza."

Neno hilo lilichoma. Shangazi akacheka puani.

"Ninalo," alijibu Yudith. "Nilikukosea. Nilisimama mbele za watu kabla sijakaa na wewe. Na tena si kwa ajili ya Mungu, nilidanganya pale. Niliogopa Tereza atanitangulia."

"Haa!" shangazi akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Halafu Yudith akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko safari ya siku mbili. Kuku walipita. Shangazi hakurudi kusaga. Ruthu alisimama, akahamisha mtoto bega hili na lile, mwisho akachuchumaa.

"Mtoto wangu yule wa kwanza," akaanza, akitazama chini, "nilimzika. Unakumbuka. Nilikaa nasali tu, na watu wakaniambia kwamba nilikaa na mikono mitupu. Huyu macho yalipovimba nilishikwa na hofu, mama. Nikakimbia kwa mganga. Akanipaka udongo, akamfunga hii. Nilijua si vizuri. Nilipofika nyumbani moyo ulinisuta. Nikasema, nitamwambia mama yote, atanigombeza, kisha atanipeleka kwenye dawa."

Yudith alisikia maneno yanapanda: Ulimkosea Mungu, tena ulijua! Yalifika kwenye meno. Akayarudisha.

"Ulikuwa peke yako," akasema. "Na mimi nilikuwa ng'ambo ya zizi tu."

Hapo Ruthu alilia. Alilia kwa kelele, kama mtoto, na Yudith akajisogeza pale mavumbini mpaka mabega yao yakagusana.

Alipotulia, Yudith akasema, "Sasa nina neno, ukiniruhusu."

"Sema, mama."

"Kwa mganga sikubali, mwanangu, sitakudanganya. Na utomvu ule naugopa. Mtoto wa Hasani umemwona. Misheni nimemkuta mtu anaosha macho kwa maji safi yaliyopoa, anatia dawa, na watu wanaona. Lakini mama wa Msafiri ni wewe. Sikulazimishi. Ukisema twende, nitambeba mimi."

Ruthu aligusa ile ngozi shingoni mwa mtoto. "Na hii?"

Shangazi aliinua uso, anangoja. Yudith alijua kwamba anaangaliwa na wawili.

"Hiyo utaamua mwenyewe na Mungu wako, ukiwa umetulia. Leo ni macho."

Shangazi alitazama pembeni. Kisha akauliza, kwa ukali wa kujifanya, "Hayo maji ya kuoshea yanachemshwa kwenye chungu gani? Mnaona nimekaa, hamwombi!"

Maji yalichemka, yakapoa. Yudith aliosha mikono. Akalainisha ule usaha polepole, kitambaa hiki jicho hili, kitambaa kile jicho lile, kutoka puani kwenda nje. Mtoto alipiga mateke. Kope ya kushoto ikaachia, ikafunguka upenyo mdogo.

"Limefunguka!" shangazi akapiga kelele. "Linanitazama mimi!" Akasimama, akachukua mbeleko. "Nendeni. Mkiondoka sasa mtalala kwa watu wetu kule njiani. Mganga akija nitamwambia nimewatuma mimi. Ananiogopa."

Alhamisi mchana Bartolomayo alimpokea mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu, kope moja moja. Walikaa misheni siku kumi na nne, kuosha na kutia matone, asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi moja, katikati ya kuosha, Ruthu aliikata ile kamba ya hirizi yeye mwenyewe, akaiweka motoni. Hakuna aliyemwambia. Yudith aliona, akaendelea kukamua kitambaa.

Jicho la kushoto lilipona kabisa. La kulia lilibaki na ukungu mweupe, kama tone la maziwa.

"Ataona nalo?" Yudith aliuliza.

"Mwanga ataona. Vitu vidogo, hapana," akajibu Bartolomayo. Hakumficha. "Mngekuja ile Ijumaa, nadhani yangepona yote mawili."

Yudith hakujitetea. Alilipokea neno hilo, akabaki nalo maisha yake yote.

Waliporudi Gulwe, Jumapili ya kwanza, Mwalimu Yoramu aliuliza kama kawaida, "Nani ana neno la kanisa?"

Yudith alisimama. "Nina neno. Namtaja mtu. Jina lake ni Yudith, mjane, anayekaa mstari wa mbele. Alimhukumu mwanawe bila kumsikiliza. Alitafuta sifa kwenu, na ninyi mkampa. Mjukuu wake amepungukiwa jicho. Ikiwa kuna wa kukaa nje mlangoni, nitakaa mimi."

Mwalimu Yoramu alifuta uso kwa kiganja.

"Kaa ndani, mama," alisema. "Swali lile niliuliza mimi, kila Jumapili. Kuanzia leo nitauliza jingine. Mtu akija na kosa la mwenzake, nitamwuliza: Umekwenda kwake? Umemsikiliza? Kama hajaenda, atakaa chini. Na ninyi mliokaa nje, ingieni."

Wawili waliokuwa nje waliingia. Walisitasita, kisha wakaingia.

Watu walipotoka, wanawake walianza kumtupia Tereza macho. "Huyo ndiye mwenye mdomo," mmoja alinong'ona, makusudi asikike. Tereza alikaza mwendo. Yudith alimfuata, akamshika mkono, wakaenda wote mpaka kwake. Hakumwuliza kitu. Walichambua mlenda pamoja. Mwisho Tereza mwenyewe akasema kwamba siku ile alikwenda kwa mganga kwa ajili ya mgongo wake, na kwamba alimchongea Ruthu mtoni ili watu wasimtazame yeye.

"Mgongo bado unauma?" Yudith akamwuliza.

"Unauma sana, dada."

"Kesho kutwa nakwenda misheni na Msafiri. Twende pamoja."

Kabla ya mvua kunyesha, watu watatu waliokuwa wametajwa zamani na kupotea walirudi kanisani. Mmoja wao alirudi kwa sababu Ruthu alikwenda kumtembelea, akakaa naye uani siku nzima, wala hakumtajia kanisa mpaka yeye mwenyewe alipouliza.

Mama mwenzangu unayesoma haya, na wewe baba, haya ndiyo ya kuepuka:

Usichukue neno la mtoni ukalifanya ushahidi.

Usiulize swali ambalo jibu lake umekwisha liweka moyoni.

Usimkatize mtu anayekuja kukuambia jambo. Kuja kwake tayari ni nusu ya kurudi.

Usimtaje mwenzako mbele za watu ilhali hujakaa naye wawili tu.

Usianze na "ingawa."

Usiseme "nimekusamehe" ili aone wewe ni mwema.

Usifiche ukweli kwa kuogopa kuumiza. Lakini usiuseme ukiwa na hasira. Ngoja upoe, kisha useme.

Usimvue mtu kwa nguvu kitu anachokitegemea. Mpe kwanza mkono wako.

Usitafute sifa ya dini kwa aibu ya mtoto wako.

Usimfanyie aliyekuchongea kama alivyokufanyia.

Na ukijua kwamba umekosea kwa mdomo wako, usingoje Jumapili. Nenda leo.